Nyuso Mbili katika Uso Mmoja: Utangulizi wa Chapa za Waigizaji wa Kabuki

Tuanze na mikono. Imechomoza kifuani kwenye mpasuko wa nguo, vidole vimetanuliwa, nayo ni midogo kuliko mwili ulivyostahili. Juu yake shingo imesukumwa mbele, midomo imebanwa na kushuka pembeni, na macho mawili madogo yamekodolewa huku mboni zikisogeleana upande wa pua. Nyuma ya mtu huyu hapana mlima, hapana nyumba, hapana pazia. Pana giza linalometameta kila karatasi inapoinamishwa kwenye mwanga, kwa sababu mpiga chapa alitia unga wa ulanga kwenye rangi ya usuli. Chapa hii ilitolewa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, katika mwezi wa tano wa mwaka 1794 kwa kalenda ya Kijapani ya zama hizo. Mchoraji alitia sahihi Toshusai Sharaku. Huenda umekwisha kuiona bila kujua ni nini, maana imenakiliwa kwenye mabango, stempu na majalada ya vitabu kote duniani.

Ni picha ya nani? Anayejua mchezo atasema ni Edobei, kibaraka wa mtu mwovu, aliye karibu kumpora mtumishi aitwaye Ippei fedha alizokabidhiwa. Anayejua kumbi za Edo atasema ni Otani Oniji wa Tatu, mwigizaji aliyekuwa akiigiza nafasi hiyo katika ukumbi wa Kawarasaki-za. Kabla mwaka haujaisha Oniji alibadili jina akawa Nakamura Nakazo wa Pili, na mwaka 1796 akafariki. Wote wawili wamesema kweli. Uchu wa fedha ni wa Edobei, ambaye hakuwahi kuishi. Pua na taya ni vya Oniji, na watazamaji wa Edo walivijua barabara. Sharaku aliwatia wote wawili katika uso mmoja na hakuacha mshono unaoonekana.

Mimi nimeichagua picha hii iwe mlango wa kukukaribishia kwa sababu swali lake ndilo swali la fani nzima. Chapa ya mwigizaji humwonyesha mtu na mhusika kwa wakati mmoja, katika onyesho fulani, ukumbi fulani, mara nyingi mwezi fulani. Anayeitazama kama picha nzuri ya Kijapani na kwisha atafurahi, lakini atakuwa ameona nusu. Nusu ya pili inahitaji kujifunza mambo kadhaa, wala si magumu.

La kwanza ni Kabuki yenyewe, mchezo wa jukwaani wa Kijapani. Ilianza na mwanamke: mwaka 1603 Okuni alicheza ngoma zake Kyoto, kwenye mchanga wa mto Kamo, na watu wakajaa. Serikali ya Shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliwakataza wanawake kupanda jukwaani mwaka 1629 kwa madai ya kulinda maadili. Wavulana wakachukua nafasi zao, na kwa kuwa mashabiki waliwagombania, mwaka 1652 nao wakazuiwa. Waliobaki ni wanaume watu wazima, walionyolewa sehemu ya mbele ya kichwa kama sheria ilivyotaka. Hapo ndipo ilipokomaa sanaa ya onnagata, yaani mwanamume anayeigiza wanawake maisha yake yote. Kipara kile cha mbele alikifunika kwa kitambaa cha zambarau. Ukiona kwenye chapa ya zamani bibi aliyevaa kimono cha fahari, na juu ya paji la uso wake kuna kipande cha zambarau, unamtazama mwanamume kazini.

Kisheria waigizaji walikuwa watu wa daraja la chini kabisa, na kwa dharau waliitwa watu wa ukingo wa mto. Wakati huohuo wakubwa wao walilipwa mpaka ryo 1,000 za dhahabu kwa mwaka, na mitindo yao ilivaliwa na wake za wafanyabiashara. Rangi ya kahawia yenye ukijani iliyopendwa na onnagata Segawa Kikunojo wa Pili iliuzwa madukani kwa jina lake la ushairi, Roko. Mtu asiye na hadhi mbele ya hakimu, ambaye mji mzima unataka kufanana naye: chapa zilizaliwa katika mgongano huo, na serikali, kama tutakavyoona, iliutambua.

Edo ilikuwa na kumbi kuu tatu zenye kibali: Nakamura-za, Ichimura-za na Morita-za. Ya nne, Yamamura-za, ilifungwa 1714 baada ya bibi mmoja wa jumba la Shogun, Ejima, kuhusishwa kimapenzi na mwigizaji Ikushima Shingoro. Mikataba ya waigizaji ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwezi wa kumi na moja kila ukumbi ulifungua msimu kwa kuwatambulisha waigizaji wake wapya. Wapenzi wa Kabuki waliusubiri mwezi huo kwa shauku, na wachapishaji waliusubiri zaidi yao.

Chapa ilikuwa biashara kabla ya kuwa sanaa. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua nini kitauzika. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchonga vibao aliigandisha karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga akifuata mistari, kwa hiyo mchoro wa asili uliangamia palepale. Kila rangi ilihitaji kibao chake, na alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni zilihakikisha karatasi inakaa mahali palepale kila mara. Mpiga chapa alipaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi iliyotengenezwa kwa gome la mti wa jamii ya mforosadi, kisha akaisugua mgongoni kwa kisuguo cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Hapakuwa na mashine ya kukandamiza. Jina linalobaki kwenye picha ni la mchoraji, pengine na la mchapishaji, lakini ubora wa unywele mmojammoja kwenye paji la uso ni kazi ya mchongaji ambaye mara nyingi hatumjui.

Bei ya karatasi moja haikupita sana ile ya bakuli moja au mawili ya tambi. Kijana wa dukani aliweza kuinunua baada ya kutoka ukumbini, au badala ya kuingia. Wengi walizibandika ukutani au kwenye viambaza vya nyumba, kama picha za wanasoka na waimbaji zinavyobandikwa kwetu katika vibanda vya vinyozi na daladala, na ndiyo maana nyingi zimepotea. Zilizotufikia mara nyingi ni zile zilizobandikwa ndani ya albamu, mbali na jua.

Sasa tujifunze kusoma. Mtu aliyezoea michoro ya Ulaya hutazama uso kwanza. Mimi huwaambia wanafunzi watafute nembo kwanza. Kila ukoo wa waigizaji ulikuwa na nembo yake, nayo huwekwa kwenye mkono wa vazi, begani, kwenye upepeo au hata kwenye taa. Miraba mitatu iliyoingiliana, mdogo ndani ya mkubwa, ni ya ukoo wa Ichikawa, ukoo wa kina Danjuro. Nembo ikishakupa ukoo, bado kuna kazi, kwa sababu majina yanarithiwa. Ichikawa Danjuro wa Kwanza alizaliwa 1660 na kuuawa kwa kuchomwa kisu ukumbini mwaka 1704 na mwigizaji mwenzake. Danjuro wa Kumi na Tatu alitawazwa kwa jina hilo Novemba 2022, naye yuko hai anacheza. Tena mtu mmoja hupitia majina matatu au manne maishani. Kwa hiyo anayeandika "Danjuro" bila nambari ameandika ukoo mzima.

Halafu kuna rangi za usoni. Mistari myekundu inayokwea kutoka pua hadi paji ni ya shujaa mwenye ghadhabu ya haki. Buluu ni ya uovu, husuda na mizuka. Kuna pozi pia: wakati wa kilele mwigizaji huganda, kichwa kikazungushwa na kusimama ghafla, jicho moja au yote mawili yakavutwa kuelekea puani, huku pembeni ya jukwaa vipande vya mbao vikigongwa sakafuni. Pozi hilo huitwa mie. Watu wa Edo waliamini jicho kali la Danjuro huweza kumkinga mtazamaji na maradhi. Mwenye kuijua mie anaelewa kwa nini macho ya Oniji kwenye chapa yetu yamekaa vile. Sharaku amelinasa tukio lililokwisha kugandishwa na mwigizaji mwenyewe, kwa hiyo hata kabla ya mchoraji kushika brashi, nusu ya utunzi ilikuwa imefanyika jukwaani. Sijawahi kusoma maelezo ya kutosha kuhusu deni hili la wachoraji kwa waigizaji, na ningependa mmoja wenu ayaandike.

Historia ya fani hii yaweza kusimuliwa kwa njia nyingi. Mimi naisimulia kama historia ya sura, yaani jinsi uso wa mtu halisi ulivyopenya polepole mpaka ukatosha kusimama bila jina.

Mwanzoni uso haukuwa na kazi. Torii Kiyonobu, aliyefika Edo kutoka Osaka mwaka 1687 pamoja na baba yake, alianzisha ukoo wa wachoraji wa mabango ya kumbi ambao uliendelea na kazi hiyo hadi karne ya 21. Yeye na mchoraji mwenzake Torii Kiyomasu walichora mashujaa wenye miguu iliyobinyika kama vibuyu na mistari inayonenepa na kukonda mwendo mmoja, wakiiga nguvu za Danjuro wa Kwanza na mwanawe. Ni michoro yenye uhai wa ajabu. Lakini uso wa mmoja ungeweza kuuhamishia kwa mwingine bila hasara. Nembo na jina ndivyo vilivyosema ni nani. Chapa hizo zilikuwa za wino mweusi, zikipakwa rangi kwa mkono baadaye. Miaka ya 1740 rangi mbili au tatu, hasa waridi na kijani, zikaanza kupigwa kwa vibao, na mwaka 1765 Suzuki Harunobu na wenzake wakafikia chapa ya rangi kamili. Harunobu mwenyewe hakupenda kuchora waigizaji.

Aliyeipindua meza ni Katsukawa Shunsho. Mwaka 1770 yeye na Ippitsusai Buncho walitoa kitabu cha juzuu tatu, Ehon butai ogi, chenye waigizaji waliochorwa ndani ya umbo la upepeo, kila mmoja na pua yake, kidevu chake, nyusi zake. Mtu aliyezoea kuketi ukumbini aliweza kufunika jina kwa kidole na bado akamtambua mtu. Baada ya hapo Shunsho na wanafunzi wake walitoa mamia ya chapa nyembamba, zenye urefu wa sentimita 33 hivi na upana wa 15, mwigizaji mmoja kwa kila karatasi, mara nyingi zikiungana mbili, tatu hadi tano kufanya tukio zima. Leo nyingi zimetawanyika. Kipande kimoja kiko Boston, kingine Chicago, kingine London, na furaha mojawapo ya kazi yetu ni kugundua kwamba bamba la sakafu katika picha hii linaendelea katika ile. Mmoja wa wanafunzi hao aliitwa Shunro. Ulimwengu unamjua kwa jina alilochukua baadaye, Hokusai.

Mwanafunzi mwingine wa Shunsho, Shunko, alikikata kiwiliwili na kukileta kichwa karibu, kikajaza karatasi. Ndipo anapoingia Sharaku. Hali ya biashara ilikuwa mbaya. Kumbi kuu tatu zilikuwa zimefungwa kwa madeni na vibali vikashikwa na kumbi mbadala: Miyako-za, Kiri-za na Kawarasaki-za. Mchapishaji Tsutaya Juzaburo naye alikuwa amenyang'anywa nusu ya mali yake mwaka 1791 kwa kuchapisha vitabu vilivyokiuka sheria. Katika mazingira hayo alitoa kwa mkupuo chapa 28 za vichwa vikubwa, za usuli wa ulanga mweusi, za mchoraji ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Ilikuwa kamari. Kwa muda wa miezi kumi hivi Sharaku alitoa chapa zaidi ya 140, kisha mwanzoni mwa 1795 akatoweka.

Wino mwingi umemwagika kuhusu utambulisho wake. Msomi Saito Gesshin aliandika mwaka 1844 kwamba alikuwa Saito Jurobei, mwigizaji wa Noh, aina nyingine ya mchezo wa jukwaani wa Kijapani, katika utumishi wa bwana wa jimbo la Awa, na watafiti wengi leo wanalikubali hilo. Mwanafunzi mpya huvutwa sana na fumbo hili. Namshauri asizame humo, maana hata tukiwa na hati ya kuzaliwa ya Sharaku, picha ya Oniji itabaki vilevile. Swali lenye manufaa zaidi ni kwa nini hakudumu. Mwandishi Ota Nanpo, aliyeishi zama zilezile, alisema kwa ufupi kwamba Sharaku alikazania mno ukweli wa waigizaji akachora yasiyopaswa kuchorwa. Watazame onnagata wake, kwa mfano Segawa Tomisaburo wa Pili akiwa Yadorigi: wigi, vibanio na kimono ni vya bibi wa heshima, ila taya ni la mwanamume wa makamo, na Sharaku hakulificha. Mashabiki hawakununua chapa ili wakumbushwe hilo. Na niseme wazi, chapa zake za miezi ya mwisho, ndogo na za mwili mzima, ni dhaifu. Anayezisifu zote sawasawa anasifu jina.

Wakati uleule kijana mwingine, Utagawa Toyokuni, alikuwa ameanza mfululizo wake wa waigizaji jukwaani, wamesimama wima juu ya usuli wa kijivu. Toyokuni aliwatambulisha kwa sura zao halisi na papo hapo akawapa urefu, utanashati na mng'aro waliotamani mashabiki. Yeye ndiye aliyeshinda sokoni, na shule yake ikatawala karne ya 19. Mwanafunzi wake Kunisada, aliyezaliwa 1786 na kujipa jina la Toyokuni mwaka 1844, alitoa chapa nyingi mno, zinazokadiriwa kwa maelfu mengi, na sehemu kubwa ni za waigizaji. Wanahistoria wa Ulaya walimdharau kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo ya wingi. Naona walikosea. Katika picha zake pua ndefu ya Matsumoto Koshiro wa Tano na macho makubwa ya Iwai Hanshiro wa Tano zimegeuka kuwa kama herufi: mkato mmoja wa kisu, na mji mzima umesoma.

Ushahidi kwamba mji ulisoma kweli ulitolewa na serikali yenyewe. Mwaka 1842, katika mageuzi ya waziri Mizuno Tadakuni ya kubana matumizi, chapa za waigizaji na za wanawake wa starehe zilipigwa marufuku. Mwaka huohuo Danjuro wa Saba alifukuzwa Edo kwa kosa la kuishi maisha ya anasa kupita daraja lake, na kumbi zilikuwa zikihamishiwa Asakusa, pembezoni mwa mji. Mizuno alianguka mwaka uliofuata, lakini woga ulibaki. Chapa za waigizaji ziliporudi polepole, kuelekea mwisho wa miaka ya 1840, zilirudi bila majina ya waigizaji, na hali hiyo ikaendelea zaidi ya miaka kumi. Mhusika ametajwa, aliyemwigiza hakutajwa. Uso ulibebeshwa peke yake kazi iliyofanywa zamani na nembo na maandishi, na ukaiweza.

Mjanja mkubwa wa kipindi hiki ni Utagawa Kuniyoshi. Aliwachora waigizaji kama paka. Aliwachora kama kasa wanaotambaa, kila kasa na uso wa mtu maarufu. Kazi yake niipendayo ni mfululizo wa mnamo 1848 unaoonekana kama ukuta wa ghala uliochorwachorwa na watoto kwa msumari: nyuso zimeparazwa kwa mistari iliyokatikakatika, zimepinda, huku paka akicheza ngoma katikati na taulo kichwani. Ukitazama harakaharaka ni upuuzi wa mtoto. Ukitazama vizuri, kila uso ni wa mwigizaji aliyekuwa hai na kila mnunuzi alimtaja kwa jina. Ili mkwaruzo huo ueleweke ilibidi watu wawe wamefundishwa sura hizo kwa miaka 80, tangu siku za Shunsho. Sijui mfano mwingine katika historia ya sanaa ambapo marufuku ilithibitisha nguvu ya picha kwa uwazi kama huu.

Sura hizo ziliwafuata waigizaji mpaka kaburini. Mwigizaji mashuhuri alipofariki, wachapishaji walitoa chapa za maombolezo: marehemu amevaa vazi la buluu hafifu, ameshika tasbihi ya Kibudha, na pembeni pameandikwa tarehe ya kifo, umri, hekalu na jina lake la kidini. Mwaka 1854 Danjuro wa Nane, mtanashati aliyependwa kupita kiasi, alijiua Osaka akiwa na miaka 32 kwa hesabu ya Kijapani. Zilitolewa chapa tofauti zaidi ya mia moja. Nyingine zinamwonyesha amelala kama Buddha anavyochorwa siku ya kufariki kwake, amezungukwa na wanawake wanaolia. Ni huzuni na mzaha kwa pamoja, na pia ni mauzo.

Osaka, kwa njia, ina tawi lake, na wengi hulisahau. Huko chapa za waigizaji zilikuwa karibu fani yote ya chapa, wachoraji wengi walikuwa mashabiki kabla ya kuwa mafundi, na uhasama wa wafuasi wa Nakamura Utaemon wa Tatu na wale wa Arashi Kichisaburo wa Pili ulionekana mpaka kwenye karatasi. Sura za Osaka ni laini zaidi, uchapaji mara nyingi ni wa anasa. Mchoraji Hirosada wa miaka ya 1840 na 1850, kwenye karatasi ndogo, anastahili kitabu kikubwa kuliko alivyopata.

Baada ya 1868 Edo ikawa Tokyo, rangi kali za viwandani zikaingia kutoka Ulaya, na Toyohara Kunichika akawachora Danjuro wa Tisa, Kikugoro wa Tano na Sadanji wa Kwanza kwa wekundu unaopiga kelele. Kamera ikaichukua kazi ya kuwaambia watu mwigizaji anafananaje. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchapishaji Watanabe Shozaburo alijaribu kuifufua fani. Chapa 36 alizotoa na Natori Shunsen kati ya 1925 na 1929 ni nzuri sana, zimechapwa kwa ustadi ambao Edo ingeuonea wivu, ila zilikusudiwa wanunuzi wa sanaa, na wengi wao walikuwa wageni. Ulaya ilikuwa imekwisha kuzipenda chapa za zamani kwa sababu zake: Vincent van Gogh alinunua mamia, na nyuma ya mtu aitwaye Père Tanguy aliyemchora mwaka 1887 zimebandikwa chapa za Kijapani, za Kunisada zikiwemo. Alichochota humo ni rangi na ukataji wa picha. Ni nani aliyekuwa akiigiza halikuwa swali lake.

Kwetu ndilo swali, na nalijibu kwa kuonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Kila ukumbi ulichapa matangazo yenye orodha ya waigizaji na nafasi zao, na mengi yamehifadhiwa. Ukishalijua jina la mwigizaji kwa nembo na sura, na mhusika kwa vazi, unatafuta ni lini mtu huyo aliigiza nafasi hiyo. Mihuri husaidia: kuanzia mwanzo wa miaka ya 1790 chapa zilipigwa muhuri wa mkaguzi, na kuanzia miaka ya 1850 kwa kawaida mihuri hutaja mwaka na mwezi. Hapo chapa inaweza kufungwa kwenye mwezi wake kwa uhakika ambao wanaosomea picha za nchi nyingine wanautamani.

Ila tahadhari. Wachapishaji walitaka chapa iwe dukani pazia linapofunguliwa, kwa hiyo mchoraji alifanya kazi kabla ya onyesho, kwa kukisia mavazi na pozi. Mwigizaji akiugua au akigombana na ukumbi, chapa inabaki ikituonyesha onyesho ambalo halikufanyika. Kuna pia chapa za kuwaza tu, ambapo mchoraji anampa mwigizaji nafasi ambayo angeifaa. Mfululizo wa Kunisada wa 1852, unaooanisha vituo vya barabara ya Tokaido na waigizaji, una marehemu waliochanganywa na walio hai. Na rangi hudanganya: buluu ya zamani iliyotoka kwenye maua hufifia ikawa rangi ya mchanga, waridi huondoka kabisa, na zambarau iliyochanganywa kwa hizo mbili hugeuka kijivu. Kile kitambaa cha onnagata nilichokutajia, katika nakala nyingi, si cha zambarau tena. Buluu ya Prussia, iliyoenea kuanzia mnamo 1830, hudumu.

Huhitaji kusafiri ili uanze. Jumba la makumbusho ya michezo ya jukwaani la Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, lililofunguliwa 1928, lina makumi ya maelfu ya chapa, na limeziweka kwenye intaneti pamoja na majina ya waigizaji, wahusika na tarehe za maonyesho. Makumbusho ya Sanaa ya Boston, ambayo William Sturgis Bigelow aliikabidhi hazina yake ya Japani mwaka 1911, nayo huonyesha mkusanyo wake bure mtandaoni. Simu ya kawaida inatosha.

Anza na mtu mmoja umfuate. Nakupendekezea Danjuro wa Tano, aliyezaliwa 1741. Mtafute katika chapa za Shunsho za miaka ya 1770 na 1780, hasa akiwa shujaa wa mchezo Shibaraku, mwenye mikono ya vazi mikubwa kama matanga yenye ile miraba mitatu. Zingatia pua yake iliyopinda na umbali kati ya mdomo na kidevu. Kisha nenda 1794, wakati alipokuwa amekwisha kumwachia mwanawe jina la Danjuro na yeye kuitwa Ichikawa Ebizo, umtazame katika chapa ya Sharaku akiwa Takemura Sadanoshin, mwalimu wa Noh anayejitoa uhai kufuta aibu ya binti yake. Ni mchezo uleule wa Edobei, ukumbi uleule, mwezi uleule. Pua ni ileile. Mikunjo ya shavuni ni mipya. Andika kwenye daftari ipi kati ya mikunjo hiyo unaona ni ya Sadanoshin aliyekata tamaa, na ipi ni ya Ebizo aliyekwisha kupita miaka 50, kisha fungua chapa za Toyokuni za miaka hiyohiyo uone ni ipi kati yake ambayo yeye aliamua kuiacha.